Kiyeyushi na Lami ya Chini ya Ardhi: Safari ya Sentimita Chache



Lori likiegeshwa kutwa kando ya barabara ya lami, na tangi lake likawa linavuja dizeli, mahali panapodondokewa hulainika. Kesho yake ukipakanyaga huacha alama ya kiatu, na baada ya siku chache kokoto huanza kubanduka. Hakuna aliyeichemsha lami ile, wala hakuna aliyeipiga sururu. Dizeli imejipenyeza ndani yake yenyewe, polepole, molekuli baada ya molekuli, na kile kilichokuwa kigumu kama jiwe kimegeuka uji mzito. Madereva na mafundi wa barabara huliona jambo hili kuwa ni hasara tu. Lakini katika jimbo la Alberta, magharibi mwa Kanada, wako wahandisi ambao kwa zaidi ya miaka 30 wamekuwa wakitafuta namna ya kulifanya jambo hilo hilo kwa makusudi, mamia ya mita chini ya ardhi, ili waitoe lami iliyonasa katika mchanga.

Wanalitafuta kwa sababu njia inayotumika sana leo ni ya mvuke, na mvuke ni ghali. Je, kiyeyushi, yaani kimiminika au gesi yenye uwezo wa kuiyeyusha lami, kinaweza kuchukua nafasi ya mvuke? Mabilioni ya dola yanategemea jibu la swali hilo, na pia kiasi kikubwa cha maji na cha gesi ichomwayo. Jibu lenyewe linategemea jambo dogo mno: molekuli moja ya kiyeyushi huchukua muda gani kupenya sentimita moja ya lami?

Kwanza tuitazame hiyo lami. Wataalamu huiita bitumeni. Katika Alberta imelowesha mchanga wa eneo la takriban kilomita za mraba 142,000, na akiba inayohesabiwa kuwa yaweza kutolewa inazidi mapipa bilioni 160. Wenyeji wa huko, Wakree na Wadene, waliifahamu muda mrefu kabla ya kampuni yoyote. Waliichanganya na utomvu wa miti na kuzibia nyufa za mitumbwi yao, na mpelelezi Alexander Mackenzie aliandika habari hizo mwishoni mwa karne ya 18. Wasikilizaji wetu wa Oman hawatalistaajabia hilo. Huko Ras al-Jinz, kwenye ncha ya mashariki ya Bara Arabu, wanaakiolojia walifukua vipande vya lami vyenye alama za matete na kamba upande mmoja, na magamba ya viumbe wa baharini upande wa pili. Hayo ni mabaki ya vyombo vilivyokatiza bahari zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kazi ya kalafati ni kongwe kuliko tunavyodhani.

Sifa ile ile iliyoifanya lami ifae kwa kuzibia vyombo ndiyo inayowasumbua wachimbaji, nayo ni mnato wake. Mnato ni ukaidi wa kimiminika kutiririka. Asali ina mnato mkubwa kuliko mafuta ya kupikia, na mafuta ya kupikia yana mnato mkubwa kuliko maji. Sasa, bitumeni ya Athabasca, ikiwa katika ubaridi wake wa kawaida chini ya ardhi, yaani nyuzi 10 hivi za sentigredi, ina mnato unaozidi ule wa maji mara milioni moja na zaidi. Ukichimba kisima cha kawaida ndani yake utasubiri hadi uzeeke, na hutapata kitu.

Palipo na bitumeni karibu na uso wa ardhi, mchanga wote huchotwa kwa makoleo makubwa ya mitambo na kuoshwa kwa maji ya moto, mbinu iliyotokana na kazi za mwanakemia Karl Clark katika miaka ya 1920. Njia hiyo inawezekana kwa sehemu ndogo tu ya akiba, takriban moja ya tano. Sehemu nyingine yote imezikwa chini sana, na haina budi kulainishwa huko huko iliko.

Hapo ndipo linapoingia jina la Roger Butler, mhandisi mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Kanada na kufariki dunia mwaka 2005. Alibuni mbinu ijulikanayo kwa herufi SAGD, ambayo nitaieleza kwa ufupi. Huchimbwa visima viwili vilivyolala, kimoja juu ya kingine, vikiachana kwa mita 5 hivi na kwenda sambamba kwa mamia ya mita. Kisima cha juu hupulizwa mvuke. Mvuke hupanda na kujifanyia chumba ndani ya mchanga. Kwenye kuta za chumba hicho hupoa, hugeuka maji, na joto lake huingia katika bitumeni. Bitumeni ikifika nyuzi 200, mnato wake hushuka kutoka yale mamilioni hadi kukaribia mara 10 tu ya ule wa maji. Kisha mvutano wa dunia hufanya kazi yake bila malipo: mafuta ya moto hutiririka kwenye kingo za chumba hadi kisima cha chini, nayo husukumwa juu. Mbinu hiyo ilijaribiwa tangu mwaka 1987 katika mahandaki yaliyochimbwa na shirika la serikali ya Alberta karibu na Fort McMurray, ikathibitika.

Gharama yake nayo si ndogo. Kwa wastani, kila pipa moja la bitumeni hudai takriban mapipa 3 ya maji yaliyogeuzwa mvuke, ingawa sehemu kubwa ya maji hayo husafishwa na kutumiwa tena. Kuyachemsha kunahitaji gesi asilia, takriban mita za ujazo 30 kwa kila pipa. Hebu fikirieni: nishati safi kiasi inachomwa ili ipatikane nishati chafu zaidi, na hewa ya ukaa inapanda angani mara mbili, kwanza kwenye tanuri la mvuke na baadaye kwenye injini ya gari. Tena mvuke una shinikizo kubwa. Mwaka 2006, huko Joslyn Creek, mvuke ulipasua mwamba wa juu na kufumka hadi usoni mwa nchi, ukaacha shimo kubwa msituni.

Kwa hiyo si ajabu kwamba watu walianza kuulizana: kama lami ya barabarani hulainika kwa dizeli bila ya moto wowote, kwa nini tusiifanyie hivyo lami ya chini ya ardhi? Badala ya mvuke tupulize propani au butani. Hizo, wasikilizaji, ndizo gesi zile zile zilizomo katika mitungi ya kupikia majumbani. Zikiwa chini ya shinikizo zinakaribia kuwa kimiminika, na huyeyukia kwa wingi ndani ya bitumeni. Hakuna tanuri la kuchemshia maji, na hakuna maji machafu ya kusafisha. Bitumeni yenyewe ikifika juu, kiyeyushi hutolewa ndani yake na kurudishwa chini kwa kazi nyingine.

Kwa maneno, jambo hilo lapendeza. Lakini sharti tumsikilize daktari mmoja wa karne ya 19.

Adolf Fick alikuwa kijana wa Kijerumani aliyefanya kazi ya anatomia katika mji wa Zürich. Alitaka kuelewa namna chumvi na maji zinavyopita katika utando wa mwili. Mwaka 1855 alichapisha kanuni ambayo mpaka leo hubeba jina lake. Kwa lugha nyepesi kanuni hiyo yasema: kitu husambaa kutoka kilipo kwa wingi kwenda kilipo kwa uchache, na kadiri tofauti ya wingi huo inavyokuwa kali, ndivyo msafara unavyokuwa mkubwa. Ukidondosha sukari katika glasi ya maji bila kuikoroga, hatimaye utamu utafika juu. Utafika, lakini chai yako itakuwa imepoa zamani.

Jambo la kuvutia ni kwamba Fick hakuianza hesabu yake kutoka mwanzo. Alikiri wazi kuwa ameiazima kwa Mfaransa Joseph Fourier, ambaye mwaka 1822 alikuwa amekwisha kueleza jinsi joto linavyosafiri katika vitu vigumu. Joto linaposambaa katika chuma na chumvi inaposambaa katika maji hufuata hesabu moja. Kinachotofautiana ni tarakimu moja tu, tarakimu ya kasi. Na hiyo tarakimu moja ndiyo inayoamua mashindano baina ya mvuke na kiyeyushi.

Hesabu hiyo ina tabia ambayo akili ya kawaida huipinga. Mtu atembeaye akienda umbali maradufu hutumia muda maradufu. Kitu kinachosambaa hakiko hivyo. Ili kiende umbali maradufu kinahitaji muda mara 4, na ili kiende mara 10 zaidi kinahitaji muda mara 100. Molekuli haina dira. Husukumwa huku na kule na jirani zake, hatua moja mbele, moja nyuma, moja pembeni, na kuendelea kwake ni kama kwa mlevi aliyepotea njia ya kwao.

Tufanye makadirio ya haraka. Kwa kiyeyushi chepesi ndani ya bitumeni baridi, tukichukua tarakimu ya kawaida iliyo miongoni mwa zile zinazopatikana maabara, kupenya sentimita 1 huchukua siku 12 hivi. Kupenya sentimita 10 huchukua miaka 3 na kidogo. Kupenya mita 1? Zaidi ya miaka 300. Na joto je? Katika mchanga ule ule wenye bitumeni, joto huvuka mita 1 kwa muda wa wiki 2 au 3. Ukizilinganisha tarakimu mbili za kasi, ile ya joto inaishinda ile ya kiyeyushi kwa maelfu ya mara.

Naona wapo miongoni mwenu wanaosema: basi shauri limekwisha, mvuke umeshinda. La hasha, maana maumbile yamekiachia kiyeyushi nafuu mbili.

Ya kwanza ni kwamba kiyeyushi hujifungulia njia chenyewe. Molekuli za mwanzo zikishaingia, bitumeni ya pale hulainika, na katika bitumeni iliyolainika molekuli zinazofuata hupita kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo tarakimu ya kasi si moja. Hukua kadiri kiyeyushi kinavyozidi kuwa kingi. Matokeo yake ni kwamba kiyeyushi hakififii polepole ndani ya bitumeni kama wino katika maji. Huwa na ukingo mkali: huku laini, na milimita chache mbele yake bado kugumu kabisa. Hata katika barabara yetu ya lami huonekana hivyo. Chokoa kwa ncha ya kisu pale palipovuja dizeli, utakuta uji, halafu ghafla utagonga kitu kigumu.

Ya pili ni ile waliyoitambua Butler na mwenzake Igor Mokrys. Mwaka 1989 walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa bitumeni iliyowekwa katika nafasi nyembamba baina ya vipande viwili vya kioo, wakaiyeyusha kwa tolueni na kutazama. Waliyoyaona ni haya. Mnapotegemea usambaaji peke yake, kiyeyushi kinalazimika kupita katika tabaka lililokwisha kulainika ili kifike penye lami mpya, na tabaka hilo huzidi kuwa nene, safari ikazidi kuwa ndefu. Lakini tabaka lililolainika likiwa limesimama kama ukuta, halikai. Mvutano wa dunia hulivuta, likateremka, na nyuma yake lami mpya ikabaki wazi. Kiyeyushi hakina haja tena ya kupenya mita 1. Kinapenya kidogo, milimita au sentimita chache, kilicholainika kinaondoka, kisha kinaanza upya. Ile hesabu ya miaka 300 haitumiki tena, maana safari imefupishwa. Mwaka 1991 walitoa mbinu kamili waliyoiita VAPEX, yenye visima viwili kama vile vya SAGD, isipokuwa mvuke umebadilishwa na kiyeyushi katika hali ya gesi.

Kwangu mimi hilo ni miongoni mwa mawazo mazuri zaidi katika uhandisi wa mafuta, kwa sababu halikujaribu kulishinda kikwazo cha Fick kwa nguvu, bali lilikizunguka. Hata hivyo kikwazo hakikutoweka. Katika hesabu ya VAPEX, kiasi cha mafuta kinachopatikana kwa siku hufuata kipeuo cha pili cha tarakimu ya usambaaji, yaani kile ambacho kikizidishwa kwa chenyewe huirudisha tarakimu hiyo. Kwa maneno mengine, tarakimu ya kasi ikikua mara 10, mafuta huongezeka mara 3 na kidogo tu. Ikipungua mara 10, mafuta hupungua kwa kiasi hicho hicho. Na mradi wa mabilioni ukitoa theluthi ya mafuta yaliyotarajiwa, huo si mradi tena.

Hapo twafika penye ugumu wenyewe. Ni nani ajuaye tarakimu hiyo kwa hakika? Kuipima ni kazi ya subira. Njia moja ni kuifungia gesi juu ya bitumeni katika chombo cha chuma na kuangalia shinikizo linavyoshuka kwa siku na wiki, kadiri gesi inavyozama. Njia nyingine ni kutumia mashine ya eksirei ya aina ile ile inayopiga picha vichwa vya wagonjwa hospitalini, na kufuatilia namna uzani wa bitumeni unavyobadilika kutoka tabaka moja hadi jingine. Wengine hutumia sumaku kubwa, wakizipima molekuli nyepesi na nzito kwa namna zinavyoitikia. Njia zote ni za heshima, lakini matokeo yake yaliyochapishwa kwa miaka mingi yametofautiana, wakati mwingine kwa mara 10 na hata zaidi, kwa viyeyushi na bitumeni zinazofanana.

Tofauti hiyo haitokani na uzembe. Bitumeni ikinywa kiyeyushi huvimba, na mpaka uliokuwa unaupima unahama. Kiyeyushi kizito kuliko kile kilichopo chini yake kikiwekwa juu, huzama chenyewe na kukoroga, ukadhani umepima usambaaji kumbe umepima mkorogeko. Na wapo wanaoripoti tarakimu moja, hali tumekwisha kuona kwamba tarakimu yenyewe hubadilika kadiri kiyeyushi kinavyoongezeka. Zaidi ya hayo, majaribio yaliyofanywa ndani ya mchanga halisi yalitoa mafuta mara kadhaa zaidi ya yale yaliyotabiriwa kwa jaribio la kioo. Katika mchanga, njia ni nyembamba na zina kona. Mafuta yakiteremka hujichanganya na kiyeyushi, na uso wa kugusana huwa mpana zaidi. Mchanganyiko huo husaidia. Lakini nani atakuhakikishia kwamba msaada uliouona katika sanduku la mchanga la maabara utaupata pia katika mwamba wenye tabaka za udongo wa mfinyanzi?

Lipo na tatizo jingine. Propani au butani ikizidi katika bitumeni, sehemu nzito kuliko zote, iitwayo asfaltini, haikubali kuyeyuka. Huganda na kujitenga kama masimbi. Mafuta yanayobaki huwa mepesi na bora zaidi, na wapo waliofurahi wakisema kuwa ardhi yenyewe imegeuka kiwanda cha kusafishia mafuta. Wengine wakauliza: na hayo masimbi je, hayatazibi vitundu vya mchanga ambamo mafuta yanapita? Majaribio yameonyesha yote mawili, kutegemea kiyeyushi, shinikizo na mwamba.

Kwa mukhtasari wa historia, VAPEX ya baridi haikupata kuwa njia ya biashara iliyoenea. Mafuta yalikuja polepole mno kuliko fedha zilivyoweza kungoja. Somo walilolipata wahandisi ni kwamba kiyeyushi na joto si mahasimu. Bitumeni ikipashwa joto, hata joto la wastani, mnato hushuka, na tarakimu ya usambaaji hupanda. Kwa hiyo badala ya kuchagua kimoja wakaanza kuvioanisha. Kampuni ya Nsolv ilijaribu butani iliyopashwa joto bila mvuke, katika eneo la Dover huko Athabasca, kuanzia mwaka 2014, na kabla ya kulifunga jaribio hilo ilikwisha kutoa zaidi ya mapipa 100,000. Wengine walichukua njia ya kati: mvuke uendelee, lakini uchanganywe na kiyeyushi chepesi, mara nyingine kondenseti inayofanana na petroli. Mvuke na kiyeyushi hupanda pamoja hadi ukingoni mwa chumba, huko hupoa pamoja, na kiyeyushi hujikuta kimegusana na bitumeni ambayo joto limekwisha kuifungua. Kile ambacho kingechukua wiki katika baridi huenda kwa kasi zaidi.

Mwezi wa Mei mwaka 2024, kampuni ya Imperial ilitangaza kupata mafuta ya kwanza katika mradi wake wa Grand Rapids huko Cold Lake, ikisema ndio mradi wa kwanza wa kibiashara wa SAGD yenye kiyeyushi tangu mwanzo. Matarajio yalikuwa mapipa 15,000 kwa siku, na kwamba gesi zinazochafua anga kwa kila pipa zingepungua kwa hadi asilimia 40 zikilinganishwa na mbinu ya zamani ya mvuke iliyokuwa ikitumika hapo. Hiyo ni ahadi ya mwenye mali, na tuichukue hivyo. Tena ni upungufu kwa kila pipa; mapipa yakiongezeka, jumla huweza kubaki pale pale.

Huenda baadhi yenu mnauliza kama mambo haya yana uhusiano na nchi mnakoishi au mlikotoka. Oman inao mafuta mazito, na inatumia mvuke. Uwanja wa Mukhaizna ni mfano mashuhuri. Kwa mada yetu, hata hivyo, Qarn Alam ndio wenye mafunzo zaidi. Huko mafuta mazito yamo katika mwamba wa chokaa uliojaa nyufa, na tangu mwaka 2011 mvuke umekuwa ukiingizwa kwa kiwango kikubwa. Mvuke hukimbia katika nyufa kama maji katika mifereji, lakini mafuta hayamo katika nyufa, yamo ndani ya mapande ya mwamba. Joto halina budi kusambaa kutoka ufa kuingia katika pande, na mafuta yatoke. Sasa mkiweka kiyeyushi mahali pa mvuke, mtaona mara moja kwamba kile kikwazo cha Fick kinarudi kwa ukali wake, maana pande la mwamba halichuruziki na kujifanya upya kwa wepesi kama mchanga wa Alberta. Upana wa pande moja, kama ni sentimita 20 au mita 5, ndio huamua kama kiyeyushi kitamaliza kazi yake katika uhai wa mradi au katika uhai wa vitukuu.

Madagaska nayo inayo mafuta mazito ya Tsimiroro, ambako jaribio la mvuke lilianza mwaka 2013, na lami ya Bemolanga iliyo karibu na uso wa ardhi. Mafuta ya Uganda, kinyume na wanavyodhani wengi, si bitumeni. Tatizo lao ni nta, inayoganda mafuta yakipoa, na ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa lipashwe joto yakae katika nyuzi 50 au zaidi. Hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Nimeacha mwisho jambo ambalo halisemwi sana katika matangazo ya makampuni. Kiyeyushi kinachoingia chini hakirudi chote. Sehemu yake hubaki katika vitundu vya mchanga, sehemu hukwama katika bitumeni iliyolainika nusu na kuachwa, kwa sababu usambaaji huo huo uliokiingiza polepole hukitoa polepole vile vile. Kile kinachopanda pamoja na bitumeni hakina hasara, maana bitumeni haina budi kuchanganywa na mafuta mepesi ili ipite katika mabomba. Kinachobaki chini ndicho hasara. Kiyeyushi chenyewe si cha bure, na kinapokuwa propani au butani ni gesi ambayo katika nchi nyingi akina mama bado wanaingojea ili waache kuni na mkaa. Kwa sababu hiyo, taarifa za Cold Lake zinapotolewa, mimi sianzi na idadi ya mapipa kwa siku. Natafuta kwanza ni lita ngapi za kiyeyushi zilizoingia, na ni ngapi zilizorudi juu.